Ngitili: msitu uliorudi bila kufukuza ng'ombe

Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo iondolewe katika maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yameliwa na makorongo. Majani yaliota, lakini mfugaji asiye na ng'ombe hana la kushangilia. Huko Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulifuata njia nyingine, na njia hiyo Wasukuma walikuwa nayo tangu zamani.

Mvua zinapoanza, kaya au kijiji hufunga sehemu ya malisho. Hiyo ndiyo ngitili. Majani hukua na kudondosha mbegu bila kuguswa. Kiangazi kikishakaza, hufunguliwa kwa zamu, kipande baada ya kipande, na wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia.

Utaratibu huo ulikuwa umevurugika vibaya. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, yakafuata mashamba ya pamba, kisha vijiji vya ujamaa vikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania.

Jangwa hilo, hata hivyo, lilikuwa hai chini ya udongo. Visiki na mizizi ya migunga na miti mingine ya asili haikuwa imekufa. Kila masika ilichipua, na kila chipukizi likaishia mdomoni mwa mbuzi. Mti unaotafunwa ncha wakati unakua hubaki kichaka miaka nenda rudi. Ukiachwa misimu michache ya mvua, hupita kimo cha mnyama, na hapo ng'ombe hana madhara tena.

Tena ana faida. Majani makavu yasiyoliwa ni kuni za moto wa kiangazi, na moto huua miche. Maganda ya migunga nayo huliwa yakidondoka. Baadhi ya mbegu hupita tumboni salama, gamba lake gumu likiwa limelainika, zikatua mbali na mti mama ndani ya samadi.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Miche ya bustani ilipandwa pia, ila sehemu kubwa ya kijani hicho ilitoka kwenye visiki. Pamoja na miti hiyo zikarudi kuni za karibu, asali, nyasi za kuezekea na mitishamba ya waganga.

Ulinzi wa ngitili hautegemei senyenge. Mchungaji anayeingiza mifugo kabla ya wakati hukamatwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, na kufikishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, akatozwa faini. Kisichotozwa faini ni urithi: wana wakigawana ngitili ya baba, kila mmoja hubaki na kipande kisichofika mwisho wa kiangazi, hivyo hukifungua mapema, machipukizi yakiwa bado mafupi.