Uso wa Punje ya Chumvi

Chukua punje kubwa ya chumvi kutoka mashamba ya chumvi ya kisiwa cha Pemba, uiweke juu ya karatasi nyeusi na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Pembe zake ni za mraba. Mraba huo unaanzia ndani kabisa: mwaka 1913 William Lawrence Bragg alionyesha kwa eksirei kwamba ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloridi hupangana kwa zamu, kila moja ikizungukwa na majirani sita.

Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba mpangilio huo hufika vile vile hadi mwisho wa punje. Haufiki. Ayoni ya usoni haina jirani wa juu; imebaki na watano. Ya ukingoni ina wanne, ya kwenye kona watatu tu. Kwa kuwa hakuna kinachoivuta kutoka juu, sodiamu, iliyo ndogo, huzama kidogo kuliko kloridi, na uso tunaoudhania bapa huwa na miinuko na mabonde madogo. Tabaka chache chini, mambo hurudi kuwa ya kawaida. Kwenye silikoni mageuzi ni makubwa zaidi: atomi za usoni hujipanga upya kabisa, kama ilivyoonekana katika picha ya hadubini ya Gerd Binnig na Heinrich Rohrer iliyochapishwa mwaka 1983.

Katika punje ya chumvi ya milimita moja, ayoni za usoni hazifiki mbili kwa kila milioni. Lakini ndizo zinazokutana na hewa, na kwa upungufu wao wa majirani huvuta maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi yenyewe huanza kuyeyuka. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na wakati wa masika magunia ya chumvi hulowa bila kuguswa na tone la mvua.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Madini joto (iodini) hunyunyiziwa juu ya chumvi iliyokwisha kuvunwa, kwa maji yenye iodeti ya potasiamu, nayo hayaingii ndani ya fuwele, hukaa usoni. Uso ukilowa, iodeti hushuka na maji hadi chini ya gunia, na anayechota juu hupata chumvi iliyopungukiwa madini joto, ilhali mtoto huyahitaji madini hayo kwa ubongo wake tangu akiwa tumboni. Basi nunua chumvi kavu, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa chungu.