Ziwa Linahitaji Wafanyakazi

Leo tunazungumza juu ya kazi za kutunza wanyama, samaki na mazingira. Pengine mama mmoja kambini atasema: “Nimekimbia na watoto watano, chakula hakuna, nanyi mnaniletea habari za viboko?” Mama, usizime redio. Habari za viboko ni habari za sufuria yako.

Tuchukue mfano wa Ziwa Edouard, ambalo sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Katika miaka ya 1970 viboko katika hifadhi hiyo walikuwa zaidi ya 25,000. Usiku walikula majani nchi kavu, mchana walirudi majini, na mavi yao yalirutubisha maji. Katika maji hayo huota vimea vidogo sana, navyo ni chakula cha tilapia. Kisha vita vikaja. Watu wenye bunduki, wa makundi mbalimbali, waliwaua viboko kwa ajili ya nyama na meno. Mwaka 2005 walihesabiwa chini ya 1,000.

Wakati huohuo watu waliokimbia vita waliongezeka Vitshumbi, Kyavinyonga na Nyakakoma. Wengine walivua kwa nyavu za matundu madogo, hata pale samaki wanapozalia. Na mjue, tilapia jike hutunza mayai yake ndani ya kinywa. Ukimvua wakati huo, umeondoa mama pamoja na watoto wake wote.

Tazameni sasa ugomvi unakotoka. Samaki wakipungua, mwenyeji anasema: “Wageni wametumalizia ziwa.” Mkimbizi anajibu: “Mnataka tufe njaa.” Wote wawili wanamchukia mlinzi wa hifadhi. Lakini wote watatu wanakula katika ziwa hilohilo.

Basi kazi zenyewe ni zipi?

Ya kwanza ni ulinzi wa hifadhi, chini ya ICCN, shirika la serikali la kutunza hifadhi. Wanaume na wanawake hufanya kazi hii. Hatutawaficha: ni kazi ya hatari. Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa Virunga waliuawa karibu na Rumangabo katika shambulio moja. Kijana asiingie humo bila kushauriana na wazazi wake.

Ya pili ni ufundi wa uvuvi. Fundi huyu hukaa pwani mitumbwi inaporudi, hupima samaki, hukagua nyavu, huandika katika daftari. Kwa daftari hilo tunajua kama ziwa linapona au linakufa. Kijana wa mvuvi, anayejua upepo na mazalio, tayari ana nusu ya elimu hii. Nusu nyingine ni kusoma, kuandika na kupiga hesabu.

Ya tatu ni ya wenye diploma ya serikali wanaoendelea na masomo: daktari wa mifugo na wanyama wa pori, au mtaalamu wa viumbe vya majini. Chuo Kikuu cha Kisangani hufundisha siyansi ya viumbe. Kile cha Graben, Butembo, hufundisha kilimo na utabibu wa wanyama. Kule Uvira kuna kituo cha serikali kinachochunguza maji na samaki wa Ziwa Tanganyika.

Enyi wazazi, msimwondoe mtoto shuleni kwa sababu mko ugenini. Binti naye asome hesabu na biolojia. Kama makaratasi ya shule yaliungua au yalipotea, nendeni mapema kuomba cheti cha kupotelewa na hati. Msingoje siku ya mtihani.

Nanyi viongozi, kazi ikitangazwa, tangazeni mbele ya wote, kijijini na kambini. Msiandike majina ya ukoo wenu peke yake. Kazi ikigawanywa kwa kabila, hata daftari la samaki litakuwa sababu ya vita. Lakini mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mkimbizi wakipima samaki kwa mizani moja, nani atasema mizani ni ya kabila fulani?

Jioni hii zungumzeni nyumbani: kwetu, ni nani anayeweza kuanza, naye anakosa nini?