Uozo gani huu usionuka? Istilahi za fizikia na kangaruu wa Australia

MPWA wangu aliye kidato cha nne alinijia likizoni akiwa amenuna. Katika mtihani wa majaribio aliulizwa hivi: ikiwa nusu-uhai ya kaboni-14 ni miaka 5,730, kipande cha makaa kitakuwa kimebakiwa na sehemu gani ya kaboni hiyo baada ya miaka 17,190?

"Mjomba, niliandika sufuri. Nusu ya kwanza inaisha kwa miaka 5,730, ya pili inaisha kwa 11,460. Sasa hiyo nyingine itatoka wapi?"

Shuleni anasoma fizikia kwa Kiingereza, lakini kichwani alikuwa ameitafsiri dhana hiyo neno kwa neno, kama wengi wetu tufanyavyo. Na neno lenyewe ndilo lililomponza. Kiumbe aliyeishi nusu ya uhai wake amebakisha nusu moja tu, kisha anakufa. Atomu haiendi hivyo. Hata neno "kuoza" lina shida zake. Kinachooza hunuka na kutoa funza. (Kuoza binti ni habari nyingine kabisa, na hiyo huhitaji mahari.) Atomu ya kaboni-14 haiozi kwa maana yoyote ile tuijuayo jikoni. Hugeuka: nyutroni moja katika kiini chake huwa protoni, chembe ya beta hutoka mbio, na iliyokuwa kaboni sasa ni nitrojeni. Mimi ningependelea tuseme "mgeuko" badala ya kuoza, na "kipindi cha nusu" badala ya nusu-uhai.

Badala ya kumpa kanuni nyingine ya kukariri, nilimsimulia habari za kangaruu.

Katika eneo la Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, kuna miamba yenye michoro mingi ya kale. Mmoja uko katika ardhi ya Wabalanggarra, ambao ni miongoni mwa wenyeji asilia wa nchi hiyo: kangaruu mwenye urefu wa takriban mita mbili, aliyechorwa kwenye dari ya mwamba. Rangi yake ni ngeu, ule udongo mwekundu wenye chuma. Hapo ndipo penye mtihani, maana ngeu haina kaboni ya kupimwa.

Waliowaokoa watafiti ni nyigu. Nyigu wajengao kwa udongo hutengeneza viota vyao kwenye miamba, na udongo wanaoubeba huwa na chembechembe za makaa kutoka mioto ya nyikani. Mti ukiwa hai huvuta kaboni-14 kutoka hewani, ambako hutengenezwa bila kukoma miale ya anga inapogonga nitrojeni. Ukiungua, mlango unafungwa. Haiingii tena, na ile iliyomo inaendelea kugeuka. Basi watafiti, wakishirikiana na Wabalanggarra wenyewe, walichukua viota vitatu vilivyofunikwa na mchoro na vitatu vilivyojengwa juu yake. Kiota kilicho chini ni kikongwe kuliko mchoro, kilicho juu ni kichanga kuuliko. Mwaka 2021 walitangaza kwamba kangaruu huyo alichorwa kati ya miaka 17,500 na 17,100 iliyopita, na yamkini ni miaka 17,300 hivi.

Hebu msomaji agawanye: 17,300 kwa 5,730. Anapata tatu na vipunje. Jibu la mpwa wangu lingekuwa sahihi, makaa hayo yasingekuwa na chochote cha kupima tangu miaka elfu sita iliyopita, na kangaruu asingekuwa na umri.

Kwa hesabu hii Kiswahili kina maneno tayari. Kipindi cha kwanza kikipita hubaki nusu, cha pili robo, cha tatu thumuni. Vijana wa leo wakisikia thumuni (au sumuni, kama wasemavyo wengi) hufikiria ile sarafu ya senti 50, lakini asili ya neno hilo ni sehemu moja ya nane, na wanaogawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu wanalijua vyema: mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni. Gramu moja ya kaboni kutoka mti uliokatwa leo hutoa migeuko takriban 14 kwa dakika. Ya umri wa kangaruu yule itatoa chini ya miwili.

Nilimpa kijana sarafu 64 tulizokusanya nyumba nzima. Zirushe, toa zote zilizoangukia upande wa mnyama, hesabu zilizobaki. Alipata 35, kisha 16, kisha 9. Hakuna awezaye kusema ni sarafu ipi itakayotoka, lakini zikiwa nyingi, nusu haikosei sana. Atomu nazo ni vivyo hivyo, ila ni mabilioni kwa mabilioni.

Ukweli ni kwamba kazi ya maabara si nyepesi hivyo. Kiwango cha kaboni-14 hewani hakikuwa kile kile enzi zote, kwa hiyo hesabu husahihishwa kwa kulinganishwa na vitu kama pete za miti ya kale. Na baada ya vipindi kumi hubaki chini ya sehemu moja kwa elfu, ndiyo maana mbinu hii huishiwa nguvu kwenye miaka 50,000 hivi. Vilivyo vikongwe zaidi hupimwa kwa njia nyingine.

Jambo moja bado linanikera katika vitabu vyetu. Michoro kama hii huitwa "sanaa ya watu wa kale", kana kwamba wenyewe wametoweka. Wabalanggarra wapo, na waliujua mchoro huo kuwa wa mababu zao kabla maabara haijapima kiota hata kimoja. Namba ya mwaka ni nyongeza juu ya ujuzi huo.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kuhusu viota vya nyigu vilivyojaa kwenye ukuta wa bweni lao.

"Hivyo," nikamwambia, "bado havijapoteza hata senti."