Je, mashine ya kutikisa mwili yaweza kumzuia mzee kuanguka?

NI usiku wa manane. Nyanya aamka kwenda msalani. Stima zimepotea, lakini kwa kuwa ameishi katika nyumba hiyo miaka mingi, haoni haja ya kutafuta tochi. Mguu wake wakwama kwenye zulia dogo mlangoni, na kufumba na kufumbua yuko sakafuni. Asubuhi anapopigwa picha ya eksirei hospitalini, yabainika kwamba mfupa wa nyonga umevunjika.

Jamaa nyingi zakijua kisa cha aina hii, na mara nyingi wanaomzunguka mgonjwa husema, "Ni uzee tu." La hasha! Kuanguka si jambo ambalo kila mzee amepangiwa. Kunaweza kupunguzwa.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kutokana na kuanguka, na walio wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Miongoni mwa waliopita miaka 65, karibu mmoja kati ya kila watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka.

Aliyevunjika nyonga hulazimika kulala kitandani, na hapo hukabiliwa na hatari ya vidonda vya mgongoni, damu kuganda miguuni na nimonia. Hata asiyevunjika kitu huingiwa na hofu. Huacha kutembea, misuli hulegea, na siku anapoinuka huanguka tena.

Ndiyo maana watu wengi wa mjini huvutiwa wanapoonyeshwa mashine ya kutikisa mwili, wakiambiwa kwamba mzee akisimama juu yake kwa dakika chache kila siku atapata nguvu za miguu. Je, ni kweli?

Mashine yenyewe

Kwa umbo, mashine hii hufanana na mizani ya kupimia uzito, ila ni kubwa zaidi, na baadhi huwa na vyuma vya kushikilia. Mtu husimama juu yake nayo hutikisika kwa kasi, kwa mfano mara 35 kwa sekunde moja. Aliyewahi kusimama ndani ya basi kuukuu huku injini ikinguruma anajua hisia hiyo nyayoni.

Wazo hili si geni. Mwishoni mwa karne ya 19, Dkt John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Marekani, aliwakalisha wagonjwa wake kwenye viti vya kutikisika. Baadaye, katika Muungano wa Kisovieti, mtaalamu Vladimir Nazarov aliutumia mtikisiko kuwaimarisha wanamichezo.

Kila mtikisiko huivuta misuli ya mguu kidogo. Vipokezi vilivyo ndani ya misuli hupeleka habari hadi kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza misuli hurudi papo hapo bila kungoja uamuzi wa ubongo. Kwa hivyo, mtu aliyesimama tu huwa anafanyisha miguu yake kazi.

Kwa nini mzee hupepesuka?

Ili tusimame wima, mwili hutegemea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Kisha misuli hutakiwa kuitikia upesi. Umri unavyosonga, yote haya hufifia. Macho huingia ukungu, nyayo hupoteza hisia, hasa kwa wenye kisukari, na misuli ya mapaja hupungua. Kijana akijikwaa hurusha mguu mbele akajiokoa. Mzee huchelewa kidogo tu, na kuchelewa huko ndiko kunakomwangusha.

Utafiti wasemaje?

Mojawapo ya uchunguzi mkubwa ulifanywa Hong Kong na matokeo yake kutolewa mwaka wa 2014. Wanawake 710 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilisimama juu ya mashine dakika 20 kwa siku, siku tano kwa juma, kwa muda wa miezi 18. Mtikisiko ulikuwa mdogo sana, chini ya milimita moja. Kundi la pili liliendelea na maisha yake ya kawaida.

Katika kundi la mashine, asilimia 18.6 walianguka au kuvunjika mfupa, ikilinganishwa na asilimia 28.7 katika kundi lile jingine. Nguvu za mapaja na uwezo wa kusimama imara pia viliongezeka. Hata hivyo, mifupa yenyewe haikuwa migumu zaidi. Kwa hivyo anayeuziwa mashine hii kama dawa ya mifupa dhaifu na atahadhari.

Lakini hapa yafaa msomaji atue kidogo. Kundi la pili halikupewa zoezi lolote. Uchunguzi huo basi waonyesha kwamba mashine ni bora kuliko kukaa bure. Hauonyeshi kwamba ni bora kuliko mazoezi ya kawaida.

Na mazoezi ya kawaida yana ushahidi mwingi zaidi. Mwaka wa 2019, shirika la Cochrane lilikusanya tafiti 108 zilizohusu watu zaidi ya 23,000. Ilibainika kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, na yaliyofaa hasa ni yale ya kusimama imara na ya kuiga kazi za kila siku, kama vile kuketi na kuinuka.

Nani asiikaribie?

Mashine hii si ya kila mtu. Mwenye damu iliyoganda miguuni, aliyevunjika mfupa au kufanyiwa upasuaji karibuni, na aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, asiipande kabla ya kumwona daktari.

Aidha, mtikisiko mkali wa muda mrefu hudhuru mgongo, kama wanavyojua madereva wa malori na matrekta. Baadhi ya mashine zinazouzwa hutikisa kwa nguvu kupita zile zilizotumiwa katika utafiti. Anayeitumia akunje magoti kidogo ili mtikisiko usifike kichwani, ashike chuma, na asiachwe peke yake.

Zoezi lisilo na gharama

Kwa asiye na mashine, kiti imara na meza nzito vyatosha. WHO hushauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku tatu kwa juma. Mzee aweza kuanza hivi:

1. Aketi kitini kisha asimame, bila kutumia mikono ikiwezekana. Arudie mara 10.

2. Akishikilia meza, ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka polepole, mara 10.

3. Asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kwa sekunde 10. Kisha abadilishe miguu.

4. Asimame kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, mkono ukiwa karibu na meza.

Mtu wa nyumbani awe kando yake siku za mwanzo. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja.

Pamoja na hayo, ondoa zulia linaloteleza na malapa yaliyolegea, weka tochi kando ya kitanda, na uweke mahali pa kushikilia bafuni. Mpeleke apimwe macho. Muulize daktari kuhusu dawa za usingizi au za shinikizo la damu zinazoweza kumtia kizunguzungu.

Ikiwa mashine tayari iko nyumbani na daktari ameikubali, si vibaya itumike pamoja na mazoezi hayo. Lakini ikiwa pesa ni za kuchangisha, ni heri ziwekwe. Mzazi anayeinuka kitini mara 10 leo, na kesho, na kesho kutwa, huenda akajiokoa mwenyewe siku mguu utakapokwama mlangoni.