Je, Kamera Isiyo na Kioo Itaizika Ile Yenye Kioo?

Askari mpelelezi afikapo mahali palipotendeka kosa, hupewa nafasi moja tu ya kupaona palivyo. Baada ya saa chache mvua itafuta nyayo, maiti itaondolewa, na watu watapita wakikanyaga kila kitu. Yatakayobaki ni maandishi yake, vielelezo alivyookota, na picha alizopiga. Kwa picha hizo hakimu ataona yale ambayo macho yake hayakuyaona. Mtu asiye na hatia aweza kuachiliwa kwa sababu yake, na mhalifu aweza kuponyoka kwa kuwa picha ilijaa giza. Kwa hiyo si mchezo hata kidogo kuuliza swali ambalo wapiga picha wengi duniani wanaulizana: je, kamera mpya zisizo na kioo zitaziondoa kabisa zile zenye kioo tulizozizoea?

Kwanza yatupasa kujua tofauti yenyewe. Katika kamera yenye kioo, nuru hupita katika lenzi, ikapiga kioo kilichoinama nyuma yake, ikarushwa juu kwenye prizimu, na kutoka hapo ikafika katika jicho la mpiga picha. Abonyezapo kitufe, kioo huruka juu, pazia hufunguka, na nuru huangukia filamu. Na katika kamera za siku hizi, huangukia kihisi cha nuru. Ndiyo sababu tunasikia ule mlio wa "klak", na kwa nukta ya muda jicho halioni kitu. Kamera isiyo na kioo imeondoa mtambo huo wote. Nuru huangukia kihisi moja kwa moja, na mpiga picha hutazama skrini ndogo ya umeme inayomwonyesha kile ambacho kihisi kinakiona.

Mtambo wa kioo umetumikia muda mrefu. Kine Exakta ya mwaka 1936 ilitengenezwa Dresden, Ujerumani, ikitumia filamu ya milimita 35. Nikon F ya mwaka 1959 ilibebwa na waandishi wengi wa habari katika vita vya Vietnam. Mwaka 1991 Kodak waliuza kamera ya namba, DCS, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F3. Nayo ilikuwa na nukta milioni 1.3 tu. Filamu ikaondoka, lakini kioo kikabaki mahali pake.

Mabadiliko yalianza mwaka 2008, Panasonic walipotoa Lumix G1. Mwaka 2013 Sony wakatoa a7, yenye kihisi kikubwa kama kipande cha filamu ya milimita 35. Wakubwa wawili wa kazi hii, Canon na Nikon, waliingia katika uwanja wa kihisi kikubwa mwaka 2018 kwa EOS R na Z7. Ilipofika mwaka 2020, kamera zisizo na kioo zilizotoka viwandani ziliwazidi ndugu zao wenye kioo kwa idadi. Mwaka huohuo Canon walitoa EOS-1D X Mark III na Nikon wakatoa D6, na kamera hizo ndizo zilizofunga orodha yao ya kamera kubwa zenye kioo. Ricoh, wenye jina la Pentax, ndio waliotangaza kwamba wataendelea na kioo, na mwaka 2021 wakatoa K-3 Mark III.

Faida za namna mpya kwa kazi zetu ni dhahiri. La kwanza ni ukimya. Sony a9 ya mwaka 2017 yaweza kupiga picha 20 kwa sekunde moja bila mlio wowote, na mlio mmoja tu waweza kumshtua mhalifu anayechunguzwa. La pili ni giza. Skrini ya umeme huongeza mwangaza, hata mpiga picha akaona kitu ambacho katika kioo kingekuwa kivuli kitupu. La tatu ni uhakika: mpiga picha huona kabla ya kubonyeza kama picha itakuwa na nuru nyingi mno au haba mno.

Lakini kila silaha ina udhaifu wake, na askari asiyeujua huumbuka mbele ya adui. Betri ndiyo ya kwanza. Nikon D850 ya mwaka 2017, yenye kioo, imepimwa kuwa na uwezo wa picha 1,840 kwa betri moja. Z7 ya mwaka uliofuata, yenye nukta zilezile milioni 45.7, ilipimwa picha 330 tu. Kwa kikosi kilicho porini siku tatu bila umeme, tofauti hiyo si ndogo. Tena skrini ya umeme hutoa mwanga, nao waweza kumulika uso wa askari aliyejificha usiku. Vilevile kihisi hakina kioo cha kukikinga wakati wa kubadili lenzi, hivyo vumbi hukifikia kwa urahisi. Na katika kamera nyingi, pazia la kimya husoma picha mstari kwa mstari, hata gari liendalo kasi likaonekana limepinda. Picha ya namna hiyo ikifika mahakamani, wakili mwerevu hataiacha ipite.

Basi jibu letu ni nini? Kwa upande wa viwanda, shauri limekwisha amuliwa: mapya yatatoka upande usio na kioo, na vipuri vya zamani vitazidi kuadimika. Lakini kukoma kutengenezwa si kukoma kufanya kazi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kamera yenye kioo iliyo nzima, mikononi mwa askari anayeijua, bado yatoa ushahidi ulio safi. Kikosi kinachonunua upya na kinunue namna mpya, pamoja na betri za akiba. Chenye lenzi nyingi za zamani kikumbuke kwamba kuna viungo vya kuzifunga kwenye kamera mpya. Ila kwa Nikon, lenzi za zamani zisizo na mota ndani yake zitalengwa kwa mkono.

Hatimaye, ndugu askari, tusisahau kwamba hakuna kamera inayojua sheria. Kupiga picha ya mahali pote, kisha ya karibu, kisha ya kielelezo chenyewe kikiwa na rula kando yake. Kuandika saa na mahali. Kuhifadhi picha ya asili bila kuigusa: kazi hizo hazifanywi na kioo wala na skrini. Hufanywa na askari mwenye nidhamu, ajuaye kwamba mtu fulani, ambaye pengine hatamwona kamwe, anangoja haki itokane na picha hiyo.