Fukusi au Dumuzi? Faida ya Kujua Ukoo wa Mdudu

Ndugu msomaji, ukifungua kihenge ukakuta mahindi yametobolewa, utasema nini? Wengi wetu husema, "Fukusi wameingia." Kisha tunakwenda dukani kununua dawa. Lakini je, ni fukusi kweli?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa Mkoa wa Tabora walipata hasara kubwa. Mahindi yao yaligeuka unga ghalani. Walitia dawa waliyoizoea, lakini mdudu hakukoma. Wakampa jina la lori, wakamwita Scania. Wengi wetu tunamwita dumuzi.

Wataalamu walianza na swali moja: huyu ni nani? Walimtazama vizuri. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga wa tembo. Dumuzi hana. Kichwa chake kimeinama, hata ukimtazama kutoka juu hukioni. Wote wawili ni mbawakawa, yaani wadudu wenye mbawa ngumu zinazofunika mbawa laini. Lakini koo zao ni mbalimbali. Dumuzi ni wa ukoo wa watoboa miti.

Wataalamu huvipanga viumbe kama sisi tunavyojipanga kwa nyumba, ukoo na kabila. Aina zilizo karibu huwekwa katika jamii moja. Jamii kadhaa hufanya ukoo, na koo hufanya kundi kubwa zaidi. Hawatazami sura tu. Popo anaruka, lakini si ndege, maana ananyonyesha watoto wake. Siku hizi huchunguza pia chembe za urithi, zinazoonyesha nani ni ndugu wa nani.

Na majina je? Mdudu mmoja huitwa hivi kijiji hiki, vile kijiji cha pili. Mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alieneza utaratibu wa majina mawili: kwa mimea mwaka 1753, kwa wanyama mwaka 1758. Jina la kwanza ni la jamii, la pili ni la aina. Dumuzi ni Prostephanus truncatus, awe Tabora au Mexico.

Basi jina lake lilipojulikana, tulipata faida hizi:

1. Tulijua kwao. Ametoka Mexico na Amerika ya Kati.

2. Tulijua maficho yake. Hutoboa miti mikavu na muhogo mkavu, si mahindi tu. Kwa hiyo hata nguzo za ghala zikaguliwe.

3. Tulijua dawa. Dawa iliyomwua fukusi haikumtosha dumuzi. Iliyomwua dumuzi ilikuwa dhaifu kwa fukusi. Ndiyo maana zilichanganywa mbili pamoja.

4. Tulijua adui yake. Huko kwao yuko mbawakawa mdogo anayemla dumuzi. Mwaka 1992 aliachiwa nchini Kenya ili asaidie kumpunguza.

Ndugu wakulima, dumuzi hupenda mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Tuyakaushe vizuri, tuyapukuchue, tusafishe ghala, ndipo tutie dawa iliyoshauriwa, kwa kipimo chake. Tukiona mdudu tusiyemjua, tumtie kwenye chupa, tumpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba. Tusinunue dawa kwa kubahatisha. Kwanza tumjue mdudu, halafu tuchague dawa.