Taarifa ya Shambani Nayo Ina Bei Yake

Wahenga wa mwambao walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Maneno hayo yafaa kukumbukwa kila inapowekwa mezani pa ofisa wa Serikali ramani yenye vitone vyekundu, inayoonyesha mahali ulipoingia ugonjwa wa mimea. Nyuma ya kila kitone yupo mtu aliyeacha kazi yake, akaenda shambani, akatazama, akapiga picha na kuituma kwa simu. Swali linalotukabili ni hili: fedha zikiwa chache, mtu huyo alipwe kiasi gani, na nani atangulizwe?

Tuitazame Busunzu, katika Wilaya ya Kibondo, nyanda za juu za Kigoma. Huko, kama ilivyo katika wilaya jirani ya Kasulu, muhogo ni chakula na ni biashara. Adui zake wakubwa ni wawili: batobato na michirizi ya kahawia. Wananchi wa Unguja na Pemba hawahitaji kufafanuliwa juu ya huo wa pili. Ulielezwa na wataalamu wa Amani, Tanga, katika miaka ya 1930, nao umeiharibu mihogo ya mwambao kwa miongo mingi, hata Zanzibar ikalazimika kutoa mbegu stahimilivu kama Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama. Ubaya wake ni kificho. Shina laweza kunawiri, kumbe mzizi umekwisha kuoza ndani, na mkulima asijue mpaka siku ya kuvuna.

Leo ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki. Hutumia Kiswahili, na huweza kutambua dalili za jani hata pasipo mtandao. Ni chombo chema. Lakini simu haioni kilicho chini ya udongo. Ili ukweli wa mzizi ujulikane, hapana budi mtu aung'oe shina na kukata mzizi, yaani apoteze sehemu ya chakula chake. Hapo ndipo suala la bei linapoanza.

Njia nyepesi ni kumlipa kila mtu sawasawa. Tuchukue mfano: wilaya ina shilingi 1,000,000, na kila taarifa inalipwa shilingi 500. Zitapatikana taarifa 2,000, na ripoti itapendeza. Lakini nyingi zitatoka kando ya barabara na karibu na minara ya simu, ambako kutuma ni rahisi. Kitongoji cha bondeni, ambako mtu hupanda kilima ili apate mtandao, kitabaki kimya. Na ukimya huo ofisini utasomwa kuwa ni afya.

Fedha hizo hizo zaweza kugawanywa vingine. Iwapo vitongoji ni 100, taarifa ya kwanza ya kila kitongoji ilipwe shilingi 5,000 na ya pili, ya kuithibitisha, shilingi 2,000. Hapo zitatumika 700,000. Zilizobaki 300,000 zitanunua taarifa 600 za shilingi 500. Jumla ni taarifa 800 tu, lakini hapana kitongoji kilichosahauliwa. Taarifa ya kwanza hufumbua macho. Ya hamsini kutoka mahali pale pale huongeza karatasi.

Wapo watakaosema: kila mtu ataje bei yake, achukuliwe wa bei ya chini. Jambo hili si geni nchini. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, watafiti waliwaalika wakulima kutaja kwa siri bei ya kupanda na kutunza miti. Zabuni ya namna hiyo huokoa fedha za umma. Hata hivyo, tusisahau kwamba mwenye njaa hutaja bei ndogo kwa sababu ya njaa, si kwa sababu kazi yake ni nyepesi. Kwa hiyo pawepo kiwango cha chini kisichovukwa, na wote waliochaguliwa katika eneo moja walipwe bei moja.

Wala fedha peke yake si dawa. Utafiti wa simu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2010 ulijaribu viwango mbalimbali vya muda wa maongezi kwa wanaojibu, na kuongeza kiwango hakukuleta tofauti kubwa. Nayo Sauti za Wananchi ya Twaweza, iliyoanza mwaka 2013, iliwapa washiriki simu na chaja za nguvu ya jua, ili asiye na umeme asiachwe nje. Kumwezesha mtu kusema ni sehemu ya bei.

Kwa hiyo maofisa wetu wanaopanga bajeti, Bara na Visiwani, wasijivunie wingi wa taarifa. Wajiulize ni kitongoji gani na ni shehia ipi haijasema. Alioko Tumbatu, ng'ambo ya maji, na alioko bondeni Busunzu wana haki moja: walipwe kwa kadiri ya taabu yao, walipwe upesi, na warudishiwe jibu la kile walichokituma. Mkulima aliyekata mzizi wake kwa faida ya wote asiwe wa mwisho kuambiwa kwamba mbegu yake ni mbovu.